Mzee wa Paris na Kamera Yake ya Mbao

Wasomi wenzangu, kuna mjadala mmoja hapa chuoni ambao hauishi, na hupamba moto zaidi wiki ile bumu linapotoka. Ni mjadala wa kamera. Huyu anasema bila kamera ya milioni mbili huwezi kujiita mpiga picha, yule anasema lenzi ndiyo kila kitu, na mwingine anasema picha za kulipwa si sanaa, ni biashara tu kama kuuza vocha. Mimi ni mmoja wa wanaopiga picha za mahafali na za pasipoti ili mwezi usogee, kwa hiyo maneno haya yananigusa mfukoni na hata moyoni. Safari hii nimeamua kuyajibu, ila sitajibu kwa hoja zangu. Nitajibu kwa maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1927, Mfaransa aitwaye Eugène Atget. Jina lake hutamkwa Ajé, usihangaike na hizo herufi nyingine.

Atget alizaliwa tarehe 12 Februari 1857 katika mji wa Libourne, karibu na Bordeaux. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo, akalelewa na ndugu wa familia. Ujanani alifanya kazi melini. Baadaye akaenda Paris kutafuta kile alichokitaka kuliko vyote, yaani uigizaji. Mwaka 1879 alipata nafasi katika chuo cha maigizo cha Paris, ila alikuwa akitumikia jeshi wakati huohuo, na masomo na kambi havikupatana. Chuo hakumaliza. Akajiunga na vikundi vya kuigiza vilivyozunguka mikoani, na huko ndiko alikokutana na mwigizaji Valentine Compagnon, aliyekuwa mwenzi wake kwa maisha yote yaliyobaki.

Kisha koo likamsaliti. Alipata ugonjwa wa koo uliomharibia sauti, na mwigizaji asiye na sauti atakula nini? Alijaribu kuchora, haikwenda mbali. Lakini katika kukaa na wachoraji aliona jambo moja la maana: wachoraji walihitaji picha za kuangalizia. Anayetaka kuchora mti, lango la zamani, ngazi ya mawe au mkokoteni, hana muda wa kuzunguka mji mzima kutafuta mfano. Atget akaona riziki hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alishika kamera, na baadaye mlangoni pake akaweka kibao kilichoeleza kwamba anauza nyaraka kwa ajili ya wasanii. Nyaraka, jamani. Hakusema sanaa. Alijiona kama muuza mbao anavyojiona mbele ya fundi seremala: wewe ndiye utakayetengeneza kabati, mimi nakuletea mbao nzuri.

Nimeanza na hapo kwa sababu vifaa vyake havieleweki bila kujua alikuwa anamuuzia nani. Mchoraji anayenunua picha ya mlango anataka kuona kila msumari. Anataka mistari ya ukuta isimame wima. Anataka kuona jiwe limechongwaje na chuma cha ngazi kimekunjwaje. Kwa kazi hiyo Atget alichagua kamera kubwa ya mbao yenye mvukuto unaokunjika kama kinanda cha kuvuta, inayowekwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Haikutumia filamu. Ilitumia vioo vilivyopakwa dawa, kila kioo kikiwa na ukubwa wa sentimita 18 kwa 24, kidogo tu chini ya karatasi ya A4. Kioo kimoja, picha moja. Ukijumlisha kamera, stendi, kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, na vioo vya siku nzima, mzigo ulikuwa wa karibu kilo 20. Huo ndio mzigo aliobeba mitaani Paris kwa zaidi ya miaka 30, na miaka ya mwisho alikuwa mzee wa karibu miaka 70.

Kazi yenyewe ilikwendaje? Alipenda kutoka alfajiri. Saa hizo mitaa huwa mitupu, mwanga bado laini, na hakuna anayekuja kumsumbua au kupita mbele ya lenzi. Alisimamisha stendi, akajifunika kitambaa, akatazama picha ikiwa kichwa chini miguu juu, maana kamera za aina ile huonyesha kila kitu kinyume. Alibana tundu la lenzi liwe dogo ili vya karibu na vya mbali vyote vionekane vizuri. Tundu likiwa dogo, mwanga unaingia polepole, kwa hiyo ilibidi lenzi iachwe wazi kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana katika picha zake nyingi binadamu aliyepita anaonekana kama moshi. Jengo limesimama imara, na mbele yake kuna kivuli chenye kofia, au nusu ya mbwa. Wengi leo wanaona uchawi fulani katika vivuli hivyo. Kwake yeye vilitokana na kifaa alichochagua, na hakuhangaika kuviondoa.

Kuna alama nyingine inayotambulisha picha zake. Pembe za juu mara nyingi ni nyeusi, zimejikunja kama upinde. Hii inatokana na mtindo wake wa kuipandisha lenzi mbele ya kamera ili aingize paa la jengo bila kuinamisha kamera. Ukiinamisha kamera, kuta zinaonekana kama zinaanguka. Ukipandisha lenzi, kuta zinabaki wima. Lakini lenzi ikipanda kupita uwezo wake, haifiki tena pembe za kioo, na pembe zile zinabaki bila mwanga. Mpiga picha mwingine angezikata. Atget aliziacha. Mteja wake alihitaji ukuta ulionyooka, na ukuta ulikuwa umenyooka.

Akirudi nyumbani, kazi inaendelea. Tangu mwaka 1899 aliishi mtaa wa Campagne-Première, eneo la Montparnasse lililojaa wasanii, katika nyumba ya ghorofa isiyo na lifti. Alisafisha vioo mwenyewe katika chumba cha giza. Kuchapa picha hakukuhitaji mashine ya kukuza: alibananisha kioo na karatasi katika fremu, akaiweka kwenye mwanga wa jua, na picha ikajitokeza taratibu mpaka yeye aseme imetosha. Kwa miaka mingi alitumia karatasi zilizopakwa ute wa yai, zinazotoa rangi ya kahawia yenye joto. Hadi miaka ya 1920, wakati wengi walikuwa wameshaacha karatasi hizo, yeye bado aliziendea.

Sasa twende kwenye alichopiga, maana hapo ndipo mzee huyu alipokuwa na msimamo mkali. Kati ya miaka ya 1853 na 1870 sehemu kubwa ya Paris ya zamani ilibomolewa chini ya usimamizi wa Haussmann, kupisha barabara pana na majengo mapya. Ubomoaji uliendelea hata baada yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890 watu wa Paris walianza kuona kinachopotea, na jiji likaunda kamati ya kushughulikia Paris ya kale. Atget akaingia humo kwa mguu wake. Kuanzia hapo kazi yake kubwa ikawa kupiga mji wa zamani kabla haujaondoka: vichochoro, nyua, milango, vitasa, ngazi, vibao vya maduka, visima, makanisa madogo. Paris mpya aliiacha ipite. Mnara wa Eiffel ulifunguliwa mwaka 1889, wakati yeye anaanza kazi, na kila mgeni akitoka nao kwenye kadi ya posta. Katika maelfu ya picha za Atget karibu huuoni kabisa.

Na hakupiga mawe tu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alipiga wachuuzi na mafundi wa mitaani: muuza vivuli vya taa, mfagiaji, na mpiga kinanda cha kuzungusha kwa mkono akiwa na msichana mdogo anayeimba huku uso umechanua tabasamu. Hao ni watu waliosimama kwa ajili yake, si moshi. Baadaye alikwenda nje ya kuta za mji, walikoishi waokota takataka katika vibanda vyao, akawapiga kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye majumba ya wakubwa. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, kibanda cha mwokota chupa na ngazi ya kasri, utaona kamera imesimama kwa heshima ileile.

Hapa ningependa tuondoe hadithi moja ya uongo. Watu hupenda kumsimulia Atget kama maskini asiyejulikana, aliyezunguka na kamera yake kama mtu aliyechanganyikiwa. Hapana. Alikuwa mfanyabiashara mwenye mpango. Alikuwa na daftari la wateja lenye majina, anwani na hata saa za kuwakuta. Humo kulikuwa na wachoraji, wasanifu majengo, mafundi wa mapambo, na wabunifu wa jukwaa. Taasisi kubwa zilinunua kwake: Jumba la Makumbusho la Carnavalet, Maktaba ya Historia ya Jiji la Paris, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na hata Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert la London. Mchoraji Georges Braque alikuwa miongoni mwa wateja wake. Alibeba albamu za mifano, akagonga milango, mteja akachagua, naye akarudi na oda. Si ndivyo tunavyofanya sisi na picha za mahafali?

Na alikuwa na utaratibu. Alizigawa picha kwa mafungu: mandhari na mimea, Paris ya kale yenye sura nzuri, sanaa katika Paris ya kale, na viunga vya mji. Kila fungu na namba zake. Namba aliikwaruza kwenye kioo chenyewe, ili kioo na karatasi visipotezane kamwe. Kati ya mwaka 1910 na 1915 aliiuzia Maktaba ya Taifa albamu saba zilizopangwa kwa mada, mojawapo kuhusu magari ya kukokotwa ya Paris, nyingine kuhusu mafundi na maduka, nyingine kuhusu waishio nje ya kuta. Moja ilihusu vyumba vya ndani vya watu wa Paris, kuanzia tajiri hadi mfanyakazi. Watafiti wamebaini baadaye kwamba baadhi ya vyumba hivyo, vilivyoandikwa kuwa vya watu wengine, ni nyumba ya Atget mwenyewe. Mwigizaji wa zamani alikuwa bado yupo ndani yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilimvunja. Kazi ilikaribia kusimama, na vioo vyake akavihifadhi chini ya ardhi akihofia mabomu. Léon, mtoto wa Valentine, aliuawa vitani. Vita ilipokwisha Atget alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na kilichomtia hofu kilikuwa hiki: vioo vikibaki kwake, nani atajua thamani yake akifa? Mwaka 1920 alimwandikia Paul Léon, mkurugenzi wa sanaa serikalini, akaeleza kwamba katika zaidi ya miaka 20 ya kazi amekusanya Paris ya kale yote, na kwamba hana mrithi wa kumwachia. Serikali ikanunua vioo 2,621 kwa faranga 10,000. Fikiria lile daftari na zile namba. Bila hizo angeuza nini? Marundo ya vioo visivyo na jina hayanunuliwi na mtu.

Pesa hiyo ilimpa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: nafasi ya kupiga anachotaka. Na alifanya nini? Alinunua kamera mpya ya kisasa? Thubutu. Alibeba ileile ya mbao akaenda kwenye bustani za zamani za wafalme, Versailles na Saint-Cloud, akapiga miti na madimbwi. Kati ya Machi na Juni 1925 alikwenda mara kwa mara kwenye bustani ya Sceaux iliyokuwa imetelekezwa, akapiga picha 66 za njia zilizoota majani na masanamu yaliyosimama peke yake kwenye ukungu wa asubuhi. Mwaka huohuo alipiga vioo vya maduka katika barabara ya Gobelins, ambako midoli iliyovaa suti inachanganyika na miti na majengo ya upande wa pili yanayoakisi kwenye kioo. Ukitazama huwezi kujua kipi kiko ndani na kipi kiko nje. Hakuna mteja aliyeagiza picha hizo. Lakini mkono uliozipiga ni uleule uliopiga vitasa kwa oda kwa miaka 30, na mimi naamini usingeweza kuzipiga bila hivyo vitasa.

Vijana wa Montparnasse wakaanza kumwona. Mmarekani Man Ray, aliyeishi mtaa uleule, alinunua picha zake kadhaa, na mwaka 1926 jarida la kundi la wasurialisti liliweka kwenye jalada picha yake ya mwaka 1912 ya umati ukitazama kupatwa kwa jua. Atget alikubali, kwa sharti jina lake lisiandikwe. Kwake zile zilikuwa nyaraka tu. Inasimuliwa pia kwamba Man Ray alitaka kumwazima kamera ndogo ya mkononi, nyepesi na ya haraka. Mzee akakataa. Sababu yake ilikuwa kwamba kamera ile ilikuwa na kasi kuliko fikra zake.

Hilo ndilo jambo lililonifanya niandike makala hii. Hakukataa kwa sababu ya umaskini, maana kamera ilikuwa ya bure. Hakukataa kwa kutojua, maana alikuwa akiishi katikati ya watu wa kisasa kuliko wote Ulaya. Alijua kazi yake ilihitaji kusimama mahali na kutazama, na kifaa kizito kilimlazimisha asimame. Ukiwa na vioo vichache mgongoni, huwezi kupiga kwanza ndipo ufikiri.

Sitaki kumfanya malaika. Ukaidi wake ulikuwa na gharama. Kwa miaka mingi, kwa masimulizi ya rafiki yake André Calmettes, aliishi kwa maziwa, mkate na sukari tu, akidai vyakula vingine ni sumu. Mtu wa hivyo si rahisi kuishi naye. Na vifaa vyake vilimnyima mengi: soko lenye pilikapilika, watoto wakicheza, uso unaocheka ghafla. Anayetaka kupiga mechi ya mpira au maandamano, kamera ya Atget haitamfaa hata kidogo. Kwa kazi hiyo ile ndogo aliyoikataa ndiyo yenyewe. Hoja si kwamba cha zamani ni bora. Hoja ni kwamba yeye alijua anapiga nini kabla hajachagua apige kwa nini.

Valentine alifariki mwaka 1926. Mwaka uliofuata msichana Mmarekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Man Ray, Berenice Abbott, alimwomba mzee aje apigwe picha. Alitegemea angekuja na nguo zake za kazi zenye viraka. Mzee akaja na koti zuri, kama mtu yeyote anayekwenda studio. Picha zilipokuwa tayari Abbott akazipeleka nyumbani kwake, akakuta Atget ameshafariki, tarehe 4 Agosti 1927.

Abbott hakuwa tajiri, lakini alihangaika mpaka mwaka 1928 akanunua kwa Calmettes kilichobaki: vioo zaidi ya 1,000 na maelfu ya picha zilizochapwa. Akavipeleka New York na kuvitunza kwa miaka 40, hadi Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la huko lilipovinunua mwaka 1968. Yeye mwenyewe alipofika New York aliona mji unaobomolewa na kujengwa upya kila siku. Akachukua kamera kubwa ya stendi, akaingia mitaani, akaorodhesha mitaa na majengo, na mwaka 1939 kazi hiyo ikatoka kama kitabu kinachoonyesha New York inavyobadilika. Alichorithi kwa Atget kilikuwa namna ya kufanya kazi.

Kila mmoja wetu ana picha elfu tatu kwenye simu, hazina jina, hazina tarehe, na siku simu ikidondoka kwenye ndoo ya maji ndiyo basi tena. Kwa hiyo, mdau, tukikutana pale vimbwetani na mjadala ukaanza, usiniulize natumia kamera gani. Niulize napiga nini, napigia nani, na namba zangu nimeziandika wapi. Nami nitakuuliza hivyohivyo.